Swichi ya siri kwenye 'mkoko'? Funga na mdomo!

Wiki iliyopita tulikuwa kwenye michango ya harusi, na wanakamati wamenifuata mpaka kijiweni wakidai nawaonea. Poa tu, yamekwisha. Leo nawageukia wenye magari, pamoja na wale ambao kama mimi wanasema 'Mungu akijalia, mwakani'.

Msicheke. Mimi gari sina. Nina nauli ya daladala, na kuna siku hata hiyo inagoma. Lakini huhitaji kuwa na gari ili umwone jirani yako anatoka alfajiri, kachomekea, kanukia, funguo mkononi, anafika pale alipolilaza gari lake usiku anakuta doa la oili tu. Anaangalia kulia, anaangalia kushoto, anachungulia mpaka nyuma ya pipa la taka kana kwamba gari ni kuku. Halafu mtu mzima anakaa chini mchangani na suruali yake ya kazini. Ukishaiona hiyo mara moja, hamu ya kucheka inaisha.

Sasa kuna kidude kimoja kidogo, ukijumlisha na ufundi wake bei haifiki hata tairi moja jipya, ambacho kinaweza kumnyima mwizi raha. Mafundi wetu wanakiita swichi ya siri. Wengi mmekisikia, wachache mnacho, na katika hao wachache, zaidi ya nusu nina hakika kinawasaidia kama mwavuli uliotoboka. Kisa? Midomo! Lakini tutafika huko, taratibu.

Kwanza tuelewane kidude chenyewe kinafanya nini. Gari la petroli la siku hizi, ili liwake, mambo matatu lazima yatokee. Stata izungushe injini. Pampu isukume mafuta kutoka kwenye tangi. Koili zipeleke umeme kwenye plagi ili cheche iruke. Yote matatu yanataka umeme, na umeme unapita kwenye waya. Kata njia ya mmoja kati ya hao watatu, gari linakuwa pambo la mtaa. Swichi ya siri kazi yake ni hiyo tu. Inaikata njia moja, na namna ya kuiunga unaijua wewe mwenyewe.

Utasema, mbona viwanda vimeshaweka kinga zao? Kweli, vimeweka. Kwenye magari mengi mapya, ndani ya kichwa cha funguo kuna kichipu kinachosalimiana na kompyuta ya gari. Kompyuta isipokitambua, injini haiwaki hata ukiwa umechonga funguo inayofanana mpaka meno. Ulaya magari mapya yalilazimishwa kuwa na kinga ya namna hiyo mwaka 1998, Australia mwaka 2001, Canada mwaka 2007.

Marekani hawakulazimisha. Yaliyowakuta mnayakumbuka. Mwaka 2022 vijana wa huko walikuwa wakirushiana video za TikTok zikionyesha namna ya kuondoka na Kia na Hyundai za funguo ya kuzungusha, ambazo nyingi zilitoka kiwandani bila kichipu hicho. Ikawa kasheshe! Miji mizima ikalia. Februari 2023 kampuni hizo zikatangaza kuzirekebisha kompyuta za magari hayo bure, na huku na kule polisi wakawa wanagawa vyuma vya kufungia usukani. Taifa lililopeleka watu mwezini linarudi kwenye chuma na kufuli!

Na wewe wa gari la kubonyeza kitufe usinikodolee macho ya dharau. Mwaka huohuo 2022, jijini London, bwana mmoja aliibiwa Toyota RAV4 yake mbele ya nyumba. Kazi ya huyo bwana ni usalama wa kompyuta za magari! Alipochunguza akagundua wezi walipitia kwenye nyaya za taa ya mbele, wakaidanganya kompyuta ikawafungulia kama wenye mali. Mganga kafiwa na mgonjwa wa nyumbani kwake.

Hapo ndipo mimi naona siri ya hiki kidude cha chini ya mwembe. Kinga ya kiwandani ni moja kwa magari maelfu. Mwizi akiijua kwenye moja, kazijua zote. Lakini waya aliougusa fundi wa Mwananyamala kwenye gari lako haumo kwenye kitabu chochote cha kiwanda. Mwizi inabidi aanze darasa la kwanza, saa nane ya usiku, tochi mdomoni, mbwa wanabweka na jirani anakohoa dirishani. Mwizi wa gari fedha anaweza kuwa nayo, ujuzi anaweza kuwa nao. Muda ndio hana.

Sasa niwaambie nimeyajulia wapi haya, msije mkadhani nimeanza kazi nyingine.

Nina mshikaji wangu anaendesha teksi ya mtandao. Gari si lake, ni la mkataba. Kila wiki anapeleka hesabu kwa tajiri, na siku zikitimia kadi inabadilishwa, gari linakuwa lake. Amebakiza miezi saba. Kwa ajili ya hiyo miezi saba kaacha bia, kaacha mpira wa Jumapili, na demu kamkimbia kwa sababu kila akipigiwa simu anasema yuko njiani na abiria. Mama yake mzazi huko Mkuranga aliuza kipande cha shamba la mikorosho ili apate ile ya kutangulizia. Bima iliyopo ni bima ndogo, ambayo inamlipa uliyemgonga. Gari lako likiibiwa yenyewe haina habari na wewe. Na mkataba unasema wazi kabisa, gari likipotea deni liko palepale.

Zaidi ya hapo anaishi Tandale, ndani ndani, huko ambako hata mkokoteni unaingia kwa kuomba radhi. Gari analilaza barabarani. Anatembea dakika nne mpaka kitandani kwake, na usingizi wenyewe anaulala nusu. Pikipiki ikipiga kelele usiku, anaruka.

Siku gari mbili zilipoondoka mtaa wa pili ndani ya mwezi mmoja, akaja kijiweni macho mekundu. "Twende kwa fundi," akasema. Tukaenda.

Fundi mwenyewe ni mzee wa mvi kidevuni, umeme wa magari kaanza nao enzi za Peugeot 504. Mshikaji akaamkia.

"Marahaba," akajibu fundi. "Haya, linasumbua nini leo?"

"Halisumbui mzee. Nataka lisumbue."

Mzee akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Unataka lisumbue vipi, mwanangu? Likatae kabisa, au likubali halafu lizime?"

Kumbe ndivyo swali linavyoulizwa! Naomba uwe makini hapa, maana wengi mnawekewa tu bila kuulizwa, na kila namna ina utamu wake na shubiri yake.

Namna ya kwanza ni kukata waya mwembamba unaoipa stata amri. Mwizi anazungusha funguo, taa za dashibodi zinawaka, redio inaimba, injini kimya kama maji ya mtungi. Atadhani stata imekufa. Utamu wake ni kwamba gari likishawaka, ile swichi haina kazi tena. Ikiharibika ukiwa barabarani, hutazimikiwa. Shubiri yake iko kwa magari ya kubadilisha gia kwa mkono, kwa sababu hayo wezi wawili wakisukuma kwenye mteremko yanashika bila stata. La otomatiki halishiki kwa kusukumwa.

Namna ya pili ni kukata umeme wa pampu ya mafuta. Hii wajanja wanaipenda kwa sababu ina mchezo wa kuigiza. Gari linawaka vizuri kabisa, maana kwenye mipira yake kuna mafuta kidogo yaliyobaki na presha. Linatembea hatua chache, linakohoa, linazima. Mwizi anaona kaiba kimeo, anakiacha katikati ya njia na kusepa. Lakini shubiri yake si mchezo. Waya ukilegea wakati unashuka Kimara na lori la mchanga liko nyuma yako, injini inazima hapohapo, usukani unakuwa mzito, breki inakuwa ngumu kama unakanyaga tofali. Kwa hiyo kazi hii ikifanywa na 'deiwaka' wa bei poa, umemkimbia mwizi umemkumbatia Izraili.

Namna ya tatu ni kukata umeme wa koili. Shubiri yake ni ileile ya pampu, kazi mbovu inakuzimisha barabarani. Wengine wanakwenda mbali zaidi, wanachezea mpaka waya wa kompyuta. Mzee akatikisa kichwa. "Kompyuta siigusi. Ukiniona naigusa, ujue nimeuza nyumba nikulipe."

Gari la mshikaji ni otomatiki, basi wakakubaliana stata.

Mimi nikapewa kazi ya kushika tochi, ndiyo maana nimeona kila kitu. Karibu kila kitu, nitawaeleza. Kwanza mzee alifungua kichwa cha hasi cha betri, gari likawa halina umeme. Akapima nyaya kwa mita yake mpaka akaupata anaoutaka, hakubahatisha kwa rangi. Nyaya zenye mfuko wa njano hakuzisogelea kabisa, maana hizo ni za mifuko ya hewa inayofumka wakati wa ajali, na akasema ameshasikia fundi aliyefumukiwa usoni.

Halafu akatoa kiboksi cheusi, rilei. Nikamwuliza kwa nini asiunganishe swichi moja kwa moja, tumalize. Akanitazama kama ninavyotazamwa na konda nikitoa noti kubwa asubuhi.

"Mwanangu, ule waya unapitisha umeme mwingi. Hiki kiswichi chako cha plastiki kikiubeba, kinapata moto, kinayeyuka. Hapo humhitaji mwizi, gari linaungua lenyewe. Rilei ndiyo inabeba mzigo. Kiswichi kinapiga honi tu geti lifunguliwe."

Maungio yote akayachomelea kwa risasi, hakusokota kwa vidole kama tunavyounga waya wa redio nyumbani. Waya mpya akauwekea fyuzi yake. Akazungushia tepu ya kitambaa nyeusi, ileile ya kiwandani, mpaka ukiangalia huwezi kujua waya upi ulizaliwa Japani na upi umezaliwa leo Mwananyamala. Mwisho akambwagia mshikaji rilei ya akiba. "Hii ya kwanza ikifa utanilaani bure. Kaa nayo."

Hapo ndipo mzee akanifurahisha. Zilibaki nyaya mbili nyembamba, ndefu, zinaning'inia chini ya dashibodi. Akampa mshikaji kiswichi mkononi.

"Mimi nimemaliza. Kitufe utakiweka mwenyewe, nyumbani kwako, kiwambaza kimefungwa. Sitaki kujua umekipeleka wapi. Likiibiwa kesho, usije ukaniangalia kwa jicho la pembeni."

Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe mwandishi, hao wakianza kupanga wapi na wapi, nenda kanunue maji."

Nikanuna kidogo, sio siri. Mtu nimeshika tochi saa nzima! Lakini nilivyokuwa natembea kwenda dukani nikaona mzee ana akili kuliko sisi wote. Nyaya zilikuwa zimekwisha. Iliyobaki kufungwa ilikuwa midomo, na alianza na wa kwake.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Mtungi una kata moja, wasomaji wangu. Ukishakuwa na kata kumi, huo si mtungi tena, ni bomba la mtaa.

Tuna vijana hapa mjini ambao swichi ya siri kwao ni kitu cha kuonyesha, kama viatu vipya. Yupo jamaa mmoja wa Sinza, alikuwa na Mark II imeshuka chini, rimu zinang'aa. Jumamosi moja mbele ya baa akabishana na wenzake kwamba gari lake haliibiki. "Chukua funguo, washa!" Mwenzake akazungusha, kimya. Akazungusha tena, kimya. Watu wakapiga makofi. Na yeye kwa raha zake akanyoosha mkono mahali, taa! gari likanguruma. Meza nzima imeona. Mhudumu kaona. Muuza karanga kaona. Haikupita wiki mbili, gari likaondoka palepale lilipokuwa limelala. Lilipopatikana lilikuwa vichakani njia ya Chalinze, redio hakuna, matairi hakuna. Kiswichi? Kizima kabisa! Hakikuvunjwa, hakuna waya uliokatwa. Kilikuwa kimebonyezwa tu, kwa ustaarabu, kama mwenyewe alivyofundisha.

Halafu kuna siri za mapenzi. Hapa najua nitapata barua. Mmependana wiki ya tatu, unamwachia gari aende saluni, unamwonyesha na pa kubonyeza, maana 'mpenzi hafichwi kitu'. Sawa. Siku mkiachana unabadilisha namba ya siri ya simu usiku uleule, ya M-Pesa unabadilisha, mpaka kufuli la chumba. Kitufe unakiacha palepale! Simaanishi kwamba yeye ni mwizi. Lakini ana kaka, kaka ana marafiki, na stori ya 'yule bwege aliyeniacha' ikianza kusimuliwa husimuliwa na vipengele vyote. Hii ni kwa dada zetu pia, mnaowaachia 'mabebi' Vitz zenu wakazunguke nazo mjini. Penzi likihama, kitufe nacho kihame.

Wa tatu ni waosha magari, wasaidizi wa gereji na vijana wa kuegesha kwenye kumbi. Hawa usiwaeleze kitu. Unapomwachia mtu gari, acha swichi ikiwa imeunga, gari linawaka kawaida, hakuna wa kuuliza. Ukirudi, kalikate tena. Ndiyo maana kitufe lazima kiwe mahali mkono wako unafika bila kuinama wala kuangalia. Kama kila ukiwasha gari lazima ulale chali kama unatafuta pete iliyodondoka, abiria wako wa kwanza tu kashajua. Na usikiweke chini ya usukani, huko ndiko mwizi anapoanzia. Usikiweke sakafuni chini ya kapeti, masika ikija maji yataingia na kutu itakumalizia kazi. Na kisiwe kitufe chekundu kinachowaka taa! Kitu kinachofanana na vitu vingine vya gari ndicho kisichoonekana.

Mpaka hapa utadhani nasema usimwambie mtu yeyote mpaka ufe. La hasha. Sikiliza na hili, maana ndilo lililonikaa moyoni kuliko yote.

Yupo baba mmoja mtaani kwetu, msiri kweli kweli. Aliweka swichi, hakumwambia hata mkewe. Akasafiri kikazi Dodoma, gari likabaki uani, funguo kwenye msumari. Usiku mtoto akapandwa na homa mpaka akaanza degedege. Mama anajua kuendesha. Akambeba mtoto, akamlaza kiti cha nyuma, akazungusha funguo. Taa zinawaka, injini kimya. Akazungusha tena. Kimya. Anapiga simu kwa mume, mume kalala, simu haipokelewi. Swichi ilikuwa inafanya kazi yake barabara, ilimzuia mtu asiyejua siri. Mtu mwenyewe ni mama na mtoto anatetemeka.

Majirani ndio tuliotoka. Bodaboda akapatikana, mama akakaa katikati na mtoto kifuani, jirani nyuma akimshikilia. Walifika hospitali na mtoto akapona, ashukuriwe Mungu. Baba aliporudi hakuna aliyemsema. Mkewe alimwambia sentensi moja tu, na nyumba zetu kuta nyembamba: "Mwizi na mimi umetuweka kapu moja."

Kwa hiyo mimi nasema hivi. Siri ya gari iwe ya watu wawili. Wewe, na mtu mmoja unayelala naye nyumba moja, ambaye siku ya taabu ndiye atakayeshika funguo. Awe mke, awe mume, awe mama yako, awe kaka yako anayeendesha. Sifa yake ya kwanza iwe kwamba kijiweni hajulikani kwa stori. Huyo mwonyeshe, mfanyishe mazoezi mara mbili gizani, basi, funga mjadala. Kama nyumbani huna hata mmoja wa kumwamini na kitufe, ndugu yangu, una tatizo kubwa kuliko wezi wa magari.

Tusidanganyane pia kwamba kidude hiki ni hirizi. Hakizuii kung'olewa saiti mira wala taa, ndiyo maana watu wanachora namba za gari kwenye vioo vyao. Hakizuii gari kufungwa mnyororo na kuvutwa. Kifaa cha kufuatilia gari kwa setilaiti kitakuonyesha limekwenda wapi, swichi inajaribu lisiende, ukiweza kuwa navyo vyote weka vyote, na chuma cha usukani juu yake, kwa sababu mwizi akikichungulia dirishani huenda akaamua kwenda kwa jirani. Wa bodaboda nanyi mnaweza kuwekewa swichi, lakini pikipiki watu wawili wanaibeba kama mgonjwa. Kwa hiyo swichi na mnyororo kwenye nguzo, vyote viwili. Na mwenye bima kubwa aulize kampuni yake kabla ya kukata waya, wasije wakapata sababu siku ya kulipa.

Na la mwisho, naliandika kwa herufi nzito moyoni. Swichi ya siri ni ya gari lililoegeshwa, wewe hupo. Ukisimamishwa njiani na watu wenye silaha, hapo hakuna siri. Shuka, toa funguo, wakiuliza swichi waonyeshe, mikono ionekane, waache waende. Hii ni sababu nyingine ya mzee kupenda stata kuliko pampu. Hebu fikiria umewapa gari majambazi, linawazimikia hatua hamsini mbele na wewe bado umesimama pale unawatazama. Watarudi, na hawatakuwa wanarudi kukushukuru. Gari linanunuliwa tena hata kama ni kwa miaka kumi. Wewe je?

Mtaniuliza, mshikaji wa Tandale vipi? Usiku mmoja wa mwezi uliopita walimtembelea. Asubuhi kakuta kioo cha mlango kimevunjwa, tundu la funguo limechokonolewa mpaka limepasuka, vipande vya plastiki vimetapakaa kwenye kiti. Na gari liko palepale, puani mwa kioski. Alipoteza siku mbili za kazi na hela ya kioo na tundu jipya, na hesabu ya wiki hiyo aliikopa. Lakini miezi saba sasa imekuwa sita. Mama wa Mkuranga hajaambiwa, na naomba na nyie msimwambie.

Mmoja kijiweni akaniuliza kwa unyenyekevu mwingi, kaificha wapi? Nikamjibu ukweli mtupu. Sijui. Nilikwenda kununua maji.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Tutawazungumzia wale wanaokopa nguo za kwenda nazo harusini na kuzirudisha zina harufu ya pilau. Mnajijua!